Mashua ya Mwisho

Mlango wa bahari uliopo baina ya kisiwa cha Lamu na kisiwa cha Manda ni uwanja wa mashindano. Katika sikukuu za Lamu, na hasa katika siku za Maulidi ya mwezi wa Mfungo Sita, vijana hushindana kwa kuogelea, kwa kupanda punda, na kwa mashua. Punda hukimbizwa kando ya bahari mbele ya mji, na watoto huwafuata nyuma kwa vifijo. Walakini shindano liwafanyalo wazee waache bao na kahawa yao ni lile la mashua.

Mashua haiendi kwa nguvu za baharia peke yake. Upepo si mali yake, na maji hayajai wala hayapwi kwa amri yake. Zikienda na upepo, mashua zote huonekana hodari. Ubora wa chombo na wa watu wake hujulikana wakati wa kwenda bisha, upepo unapokuwa usoni. Hapo nahodha hawezi kufuata mstari ulionyoka. Hukata maji kwa upande mmoja, kisha hugeuza tanga akayakata kwa upande wa pili, na mtazamaji asiyeijua bahari angedhani kuwa amepotea njia. Mabaharia hutoka nje ya ubavu wa chombo, wakaning'inia juu ya ubao ili uzito wao uzuie mashua isipinduke. Mawimbi huwapiga, chumvi huwaingia machoni, na kamba huwachubua viganja. Hatimaye mashua moja hufika kwanza. Ngoma hupigwa, nahodha husifiwa, na watu huanza kurudi majumbani.

Lakini tazama tena baharini. Ipo mashua nyingine ambayo haijafika. Labda tanga lake limechanika. Labda ilikawia kugeuka penye boya. Labda upepo uliiacha. Zawadi imekwisha kutolewa. Watazamaji wamekwisha kwenda zao. Nahodha wake angeweza kushusha tanga na kuelekea pwani iliyo karibu bila ya kulaumiwa na mtu, kwa kuwa hapana amtazamaye. Walakini yuko nahodha ambaye huendelea kubisha mpaka alama ya mwisho. Kwa nini? Akili ya biashara haina jawabu la swali hili, maana biashara hutaka faida, na faida ya siku ile imekwisha kuchukuliwa na mwingine. Swali hili dogo la bahari ndilo swali kubwa la imani, nalo ndilo nitakalo tulitafakari.

Wakristo katika visiwa vya Lamu ni wachache, na sikukuu niliyoitaja ni furaha ya jirani zao Waislamu. Hata hivyo kijana Mkristo asimamaye pwani ya Shela kutazama matanga hatazami kitu kigeni kwa imani yake. Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, aliueleza mwendo wa Mkristo kwa mfano wa mkimbiaji na wa mpigana ngumi. Mfano huo hakuuokota mbali. Karibu na Korintho ilikuwapo michezo ya Isthmia, iliyofanywa kila baada ya miaka 2, na Paulo alikaa katika mji ule muda wa mwaka mmoja na nusu, katikati ya karne ya 1, akijipatia riziki kwa kazi ya mahema. Mshindi wa michezo ile alivikwa taji la majani. Paulo alishangazwa na jambo moja: kwamba watu huutesa mwili, hujinyima chakula na anasa, na huvumilia mwezi baada ya mwezi, kwa ajili ya majani yatakayokauka. Ikiwa taji linyaukalo lapata watumishi waaminifu hivyo, alifikiri, je, taji lisilonyauka listahili utumishi wa namna gani?

Watu wa visiwa hivi hawahitaji kwenda Korintho ili waelewe habari ya taji linyaukalo. Mji wa Pate ulipata kuwa na nguvu, majumba ya fahari, na watu waliovaa hariri. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu yake akatunga Al-Inkishafi, utenzi unaouasa moyo usidanganywe na dunia. Mshairi yule alikuwa Mwislamu na Paulo alikuwa mtume wa Kristo. Njia zao si moja. Lakini wote wawili waliona kuwa mwanadamu hutumia nguvu nyingi kukitafuta kitu ambacho hakitakaa, akabakiza nguvu chache kwa kile kitakachokaa.

Hebu sasa tuuchunguze mfano wenyewe, tuone unafaa wapi na unapwaya wapi. Mfano ni kama nguo ya kuazima: humsitiri mtu, lakini haikukatwa kwa kimo chake.

Unafaa, kwanza, katika mazoezi. Hapana baharia aliyejifunza kubisha siku ya shindano. Mkono wake ulifundishwa na asubuhi nyingi za uvuvi ambazo hazikuandikwa popote. Imani nayo haizaliwi siku ya msiba. Mtu hujifunza kusali siku ambazo hana haja kubwa, hujifunza kusema kweli katika mambo madogo, hujifunza kusamehe kosa la senti 10; ndipo siku ya kosa kubwa moyo wake hujua njia, kama mkono ujuavyo kamba gizani.

Unafaa, pili, katika habari ya mizigo. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania alitaka wakimbiaji waweke kando kila kiwalemeacho. Maneno hayo ni ya kweli, lakini bahari huongeza fundisho jingine. Mashua ina uzito uwekwao chini kwa makusudi, nao huitwa farumi. Farumi ikizidi, chombo huwa kizito na hupitwa. Ikikosekana, chombo hupinduliwa na upepo wa kwanza. Basi si kila mzigo ni kizuizi. Wivu, kinyongo na ulevi ni mizigo ya kutupwa baharini. Walakini mama mgonjwa, wadogo wanaohitaji karo, na ahadi iliyotolewa kwa rafiki ni farumi. Kijana hudhani kwamba angefika mbali lau asingekuwa na mambo hayo. Yamkini bila ya mambo hayo angekuwa amepinduka zamani.

Unafaa, tatu, katika neno lenyewe la saburi. Waswahili husema subira ni ufunguo wa faraja, na Biblia ya Kiswahili hutumia neno saburi kwa uvumilivu wa waamini. Maneno hayo mawili yana shina moja la Kiarabu, nayo yamekaa vinywani mwa Waislamu na Wakristo wa pwani hii kama maji ya kisima kimoja. Lakini saburi si kukaa tu. Mtu akaaye gatini akingoja upepo ana subira. Mtu abishaye dhidi ya upepo ana subira iliyotiwa kazi.

Hapo ndipo mfano unapofaa. Unapwaya wapi? Unapwaya katika jambo kubwa kuliko yote. Katika mbio, taji ni moja. Ushindi wako ni hasara yangu, na nikitaka kushinda yanipasa nitake ushindwe. Je, imani ni hivyo? Je, mtu mmoja hufika kwa Mungu kwa sababu amempita mwenziwe? Paulo mwenyewe aliiona hitilafu hii: alisema kuwa wakimbiao ni wengi na apewaye tuzo ni mmoja, lakini aliwahimiza wasomaji wake wote, si mmoja wao, wapige mbio za kuipata. Na katika barua ya pili kwa Timotheo, ambayo kwa mapokeo ya kanisa aliiandika akiwa gerezani karibu na kifo chake, hakujisifu kwamba aliwapita mitume wengine. Alichojali ni kuwa mwendo ameumaliza na imani ameilinda, akaongeza kuwa taji lile halikuwekwa kwa ajili yake peke yake. Basi katika mbio hizi mwenye kufika wa mwisho hanyang'anywi kitu na mwenye kufika wa kwanza. Hapa neno kushinda hubadili maana: si kumpita mwenzio, bali ni kutoiacha njia.

Mambo haya si ya vitabuni tu. Mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanywa katika mji wa Mexico, uliojengwa juu zaidi ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo pumzi ni adimu. Tarehe 20 Oktoba Waafrika Mashariki wawili walikimbia huko, na siku yao ile moja ilikuwa na nyuso mbili.

Wa kwanza ni Kipchoge Keino wa Kenya. Alikuwa mgonjwa wa nyongo. Siku chache kabla yake, katika mbio za meta 10,000, maumivu yalimwangusha akatoka nje ya njia. Angeweza kurudi nyumbani kwa heshima. Badala yake alirudi uwanjani: alipata medali ya fedha katika meta 5,000, na tarehe 20 alishinda meta 1,500 akapata dhahabu. Huyu ndiye mvumilivu ambaye methali humwahidi kula mbivu. Alivumilia, akala.

Wa pili ni John Stephen Akhwari wa Tanzania. Yeye alikuwa katika marathoni. Njiani, katika msongamano wa wakimbiaji, alianguka. Goti lake likatenguka na bega likaumia. Wakimbiaji 75 walikuwa wameanza mbio zile, na 18 waliacha njiani. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Medali zilitolewa, jua likatua, na watu wengi wakauacha uwanja. Kisha, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, akaingia Akhwari, mguu umefungwa bandeji, akichechemea, akimaliza kwa saa 3 na dakika 25. Alikuwa wa 57 katika watu 57 waliofika. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jawabu lake, kwa maana yake, lilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio, bali ili azimalize.

Methali hainenei kitu juu ya mvumilivu huyu wa pili, kwa sababu hakula mbivu. Hakupata medali yo yote siku ile. Mimi sitaki kuhubiri dini kwa jina lake, wala kumvika maneno ambayo hakuyasema. Natazama tendo lake tu. Na tendo lake hutuonyesha kwa macho jambo ambalo Paulo alilieleza kwa maneno. Keino alistahimili maumivu, na tumaini la taji lilikuwa bado mbele yake. Akhwari alistahimili maumivu baada ya tumaini hilo kuondoka. Wa kwanza anatufundisha nguvu ya tumaini. Wa pili anatufundisha uaminifu. Imani huwahitaji wote wawili, lakini hupimwa zaidi mahali pa yule wa pili.

Msomaji mwenye akili atainuka hapa na kusema: Je, kung'ang'ania si ukaidi wakati mwingine? Nahodha aonaye mwamba mbele, naye akakataa kugeuza usukani kwa kuwa amekwisha kuanza safari, je, tumsifu? La, tusimsifu. Uvumilivu si wema peke yake. Mwizi naye huvumilia baridi ya usiku. Mtu aweza kudumu katika chuki miaka 40 bila ya kuchoka. Uvumilivu ni kama upepo wa kusi: huipeleka mbele mashua iliyoelekea bandarini, na huipeleka mbele vilevile ile iliyoelekea mwambani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama tumevumilia, yatupasa tuulize tumeelekea wapi. Nahodha mwema hugeuza tanga mara nyingi, lakini haibadili bandari. Mkaidi hufanya kinyume: huipenda njia yake kuliko mwisho wa safari.

Mwingine atasema: Mkristo naye anangoja taji mbinguni. Basi kuna tofauti gani baina yake na mchuuzi? Yeye amekubali kukopesha tu, malipo baadaye. Neno hili ni zito, na wapo waamini ambao ni wachuuzi kweli: husali mvua inyeshe, isiponyesha huacha kusali. Lakini mtazame mama aamkaye usiku kwa ajili ya mtoto mwenye homa. Anataka mtoto apone, na kupona kwake kutakuwa furaha yake; walakini hakuna asemaye kwamba anafanya biashara. Furaha anayoitumainia si mshahara uliotoka nje ya upendo wake. Ni upendo wenyewe uliotimia. Taji la Mkristo ni la namna hiyo. Ni kuwa pamoja na Yule ambaye amempenda njia nzima. Amtumikiaye Mungu kwa ajili ya kitu kingine ataacha kitu hicho kikichelewa. Amtumikiaye kwa kumpenda, hata akichelewa kulipwa, hajadhulumiwa.

Sasa tutoke uwanjani, twende mahali ambapo mambo haya si mchezo. Katika bara ya Lamu uko mji wa Mpeketoni, karibu na Ziwa Kenyatta. Ulikua katika miaka ya 1970, serikali ilipowagawia ardhi watu wasiokuwa na mashamba, wengi wao Wakristo kutoka bara ya Kenya. Jumapili tarehe 15 Juni, 2014, usiku, wakati baadhi ya watu walikuwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia, watu wenye silaha waliuvamia mji huo. Watu zaidi ya 40 waliuawa. Kundi la Al-Shabaab lilidai kuwa ndilo lililofanya tendo hilo. Wajane na mayatima walibaki, na familia nyingi zilikimbia.

Mbele ya makaburi, mfano wa mbio hupata haya. Hatuwezi kumwambia aliyefiwa akaze mwendo kama kwamba amejikwaa uwanjani. Naomba niseme wazi pia kwamba aliyeihama nchi ile ili aokoe watoto wake hakushindwa mbio. Amegeuza tanga, na bandari yake yaweza kuwa ile ile. Lakini watu walioishi baada ya usiku ule walikabiliwa na jambo ambalo hapana kipenga kilichoanzisha wala mwamuzi aliyelisimamia. Kusali tena Jumapili nyingine. Kulima tena shamba lile lile. Na lililo gumu kuliko yote: kukataa kumhesabu jirani Mwislamu kuwa adui, ilhali wauaji walitumia jina la dini yake, na ilhali jirani huyo naye aliogopa na kuhuzunika. Mtu ambaye moyo wake ulivutwa na kisasi, akaushika, kesho ukavutwa tena, akaushika tena, huyo alikuwa akibisha dhidi ya upepo mkali kuliko kusi yo yote. Hakuna aliyempigia ngoma. Hakuna gazeti lililoandika kwamba leo hakuchukia. Hiyo ndiyo mashua ya mwisho niliyoitaja, na hivyo ndivyo inavyofika.

Nawe mwanafunzi, ambaye labda hujapatwa na msiba, usidhani kuwa mafundisho haya ni ya siku kubwa tu. Shule ni uwanja wa mashindano. Majina hupangwa kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho na kubandikwa ukutani. Ushindani huo una faida yake, maana huamsha waliolala. Lakini una hatari mbili. Aliye wa kwanza aweza kudhani kuwa amekuwa mtu bora, ilhali amewapita wenziwe katika hesabu tu. Aliye wa mwisho aweza kudhani kuwa hana njia tena, akaacha kusoma, au akaiba mtihani. Mwizi wa mtihani hupata taji na kuipoteza safari: jina lake hufika mahali ambapo yeye mwenyewe hajafika. Afadhali mwanafunzi wa 40 aliyetoa jasho lake la kweli, kwa kuwa yeye, po pote alipo, yupo kweli.

Wala usingoje kutazamwa. Watazamaji ni kitu kizuri. Huchangamsha moyo, na Waraka kwa Waebrania wasema kuwa waamini wamezungukwa na mashahidi wengi. Lakini mashahidi hao hawaonekani kwa macho, na hapo pana hekima. Atendaye wema mbele ya macho ya watu hajui bado kama aupenda wema au aipenda sifa. Atajua siku watu watakapokwenda zao.

Jioni hushuka juu ya mlango wa bahari. Minara ya Lamu hufifia, mikoko ya Manda huwa myeusi, na pwani iliyojaa watu adhuhuri imebaki na kunguru na nyayo. Tanga moja lililochanika lingali linakuja, likigeuka huku na huku. Ukilitazama sana utaona kuwa kila mara lipindukapo lipo karibu zaidi. Kisha mashua hupita penye alama. Nahodha hashangilii. Hushusha tanga, huikunja kamba vizuri kwa ajili ya kesho, na huteremka majini mpaka magotini, aisogeze mashua yake pwani.